"Wayahudi ni sheria tu, moyo hawana": tuelewane kwanza kuhusu fadhila kwenye dini ya Kiyahudi

Juzi kwenye grupu letu la mtaani mtu alirusha klipu ya mahubiri, mhubiri anasema dini ya Wayahudi ni amri 613 na basi, kazi yao kuosha mikono na kuhesabu hatua siku ya Sabato, mambo ya moyo hawayajui. Watu wakaitikia amina, mmoja akasema si ndo Mafarisayo wale, mwingine akaingiza habari za vita anazoziona kwenye TV, mpaka usiku hakuna aliyejua tunabishana nini. Ya vita siyagusi hapa, hiyo ni mada nyingine kabisa. Ila hili la sheria bila tabia limenikaa kooni, maana wanazuoni wa Kiyahudi wameumizwa vichwa na tabia ya mtu kwa karibu miaka elfu mbili, na ukielewa walichosema unaona kwamba sheria na moyo kwao sio vitu viwili vinavyogombana.

Tuanze na neno. Kwa Kiswahili cha kila siku fadhila ni wema uliotendewa, ndo maana tunasema fadhila za punda ni mateke. Mimi hapa naitumia kwa maana ile nyingine, ya vitabu vya dini na falsafa, yaani tabia njema iliyokaa ndani ya mtu mpaka ikawa sehemu yake, haihitaji kusukumwa. Kiebrania wanaiita midda, wingi wake middot, na maana yake ya asili ni kipimo. Kipimo kama cha unga au cha kitambaa. Sasa hebu tulia hapo kidogo, maana nusu ya somo iko kwenye hilo neno. Ukisema tabia ni kipimo unakuwa umeshasema kwamba tatizo la mtu mara nyingi sio kwamba ana kitu kibaya ndani yake, tatizo ni kiasi. Chumvi haina ubaya wowote, lakini mboga inaweza kuharibika kwa chumvi kuzidi na inaweza kuharibika kwa kukosa chumvi, mpishi ndo anatakiwa ajue kiasi.

Baadhi ya mafundisho ya mwanzo kuhusu haya yako kwenye Mishna, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, kwenye sehemu yake moja inayoitwa Avot, ni semi fupi fupi za walimu wa zamani. Humo kuna Ben Zoma anauliza nani shujaa, anajibu ni yule anayeishinda tamaa yake, na nani tajiri, ni yule anayefurahia fungu lake. Semi kama hizi ni tamu ila hazikwambii ufanyeje. Unamwambia mtu mwenye hasira za karibu "ishinde tamaa yako", sawa, ataishindaje?

Hapo ndo anaingia Musa bin Maimun, Wazungu wanamwita Maimonides na Wayahudi wenyewe wanamwita Rambam. Alizaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1138 hivi, familia yake ikakimbia utawala wa Almohad uliokuwa unawalazimisha watu kubadili dini, wakapita Fez huko Morocco, wakaja kutulia Misri. Alikuwa na mdogo wake, Daudi, mfanyabiashara wa vito ndiye aliyekuwa anailisha familia, akazama na meli kwenye Bahari ya Hindi akielekea India, hii hii bahari yetu, na Musa aliandika kwamba baada ya msiba ule aliugua kitandani karibu mwaka mzima. Kujikimu akawa daktari, tena daktari mkubwa wa ikulu Cairo enzi za Saladin. Akafariki 1204. Namtaja kirefu kwa sababu falsafa yake ya tabia inanuka udaktari kila mahali, na pia kwa sababu aliiandika kwa Kiarabu na maneno aliyoyatumia sisi tunayo mpaka leo kwenye Kiswahili, fadhila na hulka. Mswahili akielezwa vizuri haya mambo hayamfiki kama mgeni.

Aliandika utangulizi wa Avot wenye sura nane, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Anachosema pale ni kwamba roho inaugua kama mwili unavyougua. Mgonjwa wa mwili kitu kitamu anakisikia kichungu, na mgonjwa wa roho kitu kibaya anakiona kizuri, kwa hiyo huwezi kumuuliza mgonjwa mwenyewe dawa gani anataka, inabidi aende kwa wenye hekima, hao ndo madaktari wa roho. Sisi tuna msemo wa tabia haina dawa. Yeye anabisha moja kwa moja, anasema hakuna mtu anayezaliwa mwema wala anayezaliwa mbaya, kama vile hakuna anayezaliwa mshonaji. Mtu anaweza kuzaliwa na wepesi fulani, damu ya moto au upole, lakini tabia yenyewe inajengwa, na kwa hiyo inaweza kubomolewa ikajengwa upya. Habari za nyota kumpangia mtu tabia alizipinga maisha yake yote.

Dawa yenyewe ni njia ya katikati. Kati ya uchoyo na ufujaji kuna ukarimu, kati ya uoga na kujirusha kwenye hatari bila akili kuna ushujaa. Wengi wakisikia katikati wanadhani ni uvuguvugu, yaani usiwe moto usiwe baridi, kila kitu nusu nusu. Sio hivyo. Angalia fundi anavyonyoosha nondo iliyopinda upande wa kushoto, hakomei katikati, anaikunja mpaka kulia kupita pale inapotakiwa, akiiachia inarudi yenyewe inanyooka. Bin Maimun anasema mchoyo usimwambie atoe kawaida, huyo dozi yake ni kutoa kupitiliza, tena na tena, mpaka akaribie kuwa mfujaji, ndo umrudishe katikati. Na akaongeza kitu ambacho ni cha mtu aliyeangalia watu kwa makini, kwamba kumtoa mfujaji kwenye ufujaji ni rahisi kuliko kumtoa mchoyo kwenye uchoyo, kwa hiyo dozi hazilingani.

Hili la katikati amelichukua kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, na kwa al-Farabi, mwanafalsafa Mwislamu, na hakuficha, alisema pokea ukweli kutoka kwa yeyote aliyeusema. Kuna Wayahudi haikuwapendeza, miaka ya 1230 huko kusini mwa Ufaransa vitabu vyake vilizua ugomvi mkubwa mpaka watu wakatengana. Ila kuna sehemu mbili aliwaacha Wagiriki. Kwenye kitabu chake kikubwa cha sheria, Mishneh Torah, anasema kiburi na hasira havina katikati, hapo mtu aende mpaka mwisho wa upande wa pili. Kwa Aristotle mtu mkubwa anajua ukubwa wake na anadai heshima inayomstahili, na hasira kwa kiasi chake na mahali pake ni sahihi. Kwa Bin Maimun hapana, Avot inasema uwe mnyenyekevu sana sana, neno limerudiwa mara mbili, na Musa mwenyewe wa Torati alisifiwa kwamba alikuwa mpole kuliko watu wote duniani. Na mzazi anayetaka watoto wanyooke? Anaweza kuvaa sura ya hasira, anasema, ila ndani awe ametulia. Kila nikiisoma hiyo nawaza watu wangapi tumelelewa na hasira ya kweli kweli.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe, sheria zinaingiaje hapa. Kuna mfano wake mmoja nampendea sana huyu mzee. Chukua mtu mwenye sarafu elfu moja za kutoa. Akimpa mhitaji mmoja zote elfu kwa mkupuo, au akitoa sarafu moja moja mara elfu moja, ipi inamjenga zaidi? Hesabu ya pesa ni ile ile. Yeye anasema moja moja mara elfu, kwa sababu yule wa mkupuo roho yake iliamka mara moja kwa ukarimu ikalala, lakini huyu mwingine amefungua mkono mara elfu moja mpaka mkono umezoea kufunguka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba si ndo kipimo chenyewe, ndo midda yenyewe.

Ukishaona hivyo amri nyingi zinabadilika sura. Mfano, Torati inasema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo, msaidie. Walimu wa Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala iliyojengwa juu ya Mishna, wakachimba zaidi, wakauliza umekutana na wawili kwa pamoja, rafiki yako anataka kushusha mzigo mgongoni kwa punda na adui yako anataka kupandisha, unaanza na nani? Kwa kawaida kushusha kunatangulia kwa sababu mnyama anateseka. Lakini hapa wanasema anza na adui, ili kuikunja tamaa yako. Hii ni sheria, inajadiliwa kisheria kabisa kama swala la mpaka wa shamba, lakini lengo lake ni kifua chako wewe unayemsaidia mtu usiyetaka hata kumsalimia. Mnabeba wote, huyu huku na yule kule, mzigo ule ule, ngumu sana kuendelea kumchukia mtu kwa nguvu ile ile baada ya hapo. Ndo maana nasema aliyesema sheria bila moyo hajaangalia ndani. Sheria pale ni kama mazoezi ya mpira, kocha hakwambii ujisikie mchezaji, anakwambia njoo uwanjani saa kumi na mbili kila asubuhi, kujisikia kutakuja.

Swala la kutoa nalo tunalichanganya. Kiebrania wanasema tsedaka, ni ndugu wa damu na sadaka yetu, ila mzizi wake ni haki. Sisi tunasema kutoa ni moyo, na kwetu asiyejisikia kutoa hana deni. Kwao maskini ana fungu lake kwenye mali yako, pembe za shamba Torati imeshamwachia, na asiyejisikia anatoa vile vile. Hata anayeishi kwa kupewa naye anatakiwa atoe kidogo katika alichopewa, maana kumwondolea mtu nafasi ya kutoa ni kumfanya awe nusu mtu. (Hilo la nusu mtu ni maneno yangu, amri ni yao.) Na juu pia kuna dari, walimu walikataza mtu kugawa zaidi ya sehemu ya tano ya mali yake asije naye akawa mzigo kwa wengine. Bin Maimun akapanga ngazi nane za kutoa, ya chini kabisa ni anayetoa huku amenuna, zipo za kutoa bila mtoaji na mpokeaji kujuana, na ya juu kuliko zote ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye biashara au kumtafutia kazi kabla hajaanguka, ili asihitaji kupewa tena.

Lakini je, mtu akifuata sheria zote neno kwa neno tayari ni mwema? Hapana, na hili wamelisema wenyewe kwa ukali kuliko mhubiri yeyote. Rabi mmoja wa Hispania, Nahmanides, aliyefariki 1270, anasema mtu anaweza kuwa mlafi na mchafu wa tabia ndani ya ruhusa ya Torati, hajavunja hata kifungu kimoja na bado ni mtu wa hovyo. Ndo maana ikaongezwa amri ya jumla, muwe watakatifu. Na kwenye Talmudi kuna stori ya wapagazi waliovunja pipa la mvinyo la mwanazuoni mmoja. Akawachukua majoho yao kama fidia. Wakaenda kushtaki kwa Rav, mwalimu mkubwa wa Babeli, akamwambia warudishie majoho. Yule akauliza, ndo sheria hiyo? Akajibiwa ndiyo, imeandikwa upate kwenda katika njia ya watu wema. Wapagazi wakasema sisi ni maskini, tumefanya kazi kutwa, tuna njaa na hatuna kitu. Rav akasema walipe ujira wao. Na hiyo nayo ni sheria? Ndiyo, na mapito ya wenye haki uyashike. Kwa karatasi mwanazuoni alikuwa na haki yake. Rav hakumwambia onyesha huruma ukipenda, alimwambia kwa mtu kama wewe huruma ndo sheria. Na Rabi Yohanan alikwenda mbali zaidi, alisema Yerusalemu iliangamizwa kwa sababu watu walihukumiana kwa sheria tu, bila kutendeana wema zaidi ya kile sheria inachodai. Sasa hapo mhubiri wa kwenye klipu anaweza kuongeza nini?

Twende kwenye gumu. Nani bora, mtu asiyetamani ubaya kabisa au anayetamani akajizuia? Wanafalsafa walisema wa kwanza, maana huyu wa pili ndani bado kuna vita. Walimu wa Talmudi wanaonekana kusema kinyume, malipo ni kwa kadiri ya maumivu, na anayemzidi mwenzake kwa ukubwa anamzidi na kwa tamaa. Hata wakasema mtu asiseme nguruwe ananitia kinyaa, aseme natamani kumla ila nifanyeje, Baba yangu wa mbinguni amekataza. Bin Maimun akalifungua fundo hili kwa kutenganisha amri za aina mbili. Kuna ubaya ambao hata bila Torati akili inaujua, kuua, kuiba, kudanganya, kumlipa mzazi mabaya kwa mema. Huko ukitamani tayari ni ugonjwa. Mtu akikwambia kila siku natamani kumuibia bosi wangu ila najikaza, hautamsifu, utaficha pochi. Lakini nguruwe, au kuchanganya nyama na maziwa, hakuna ubaya ndani ya chakula chenyewe, hapo kutamani sio aibu na kujizuia ni utii mtupu. Mimi naona hili lingetusaidia hata sisi tusio Wayahudi, maana tunamsifia sana mtu aliyeshinda tamaa bila kuuliza tamaa ya nini.

Uongo mwingine wa haraka haraka, kwamba mtakatifu lazima ajitese. Mnadhiri, aliyejiwekea nadhiri ya kutokunywa mvinyo, siku zake zikiisha Torati inamtaka alete sadaka ya dhambi, na baadhi ya walimu wakauliza amekosa nini, wakajibu amejinyima kilichoruhusiwa. Hazikutoshi zile Torati ilizokataza mpaka ujiongezee?

Karne nyingi baadaye, Ulaya Mashariki, haya mambo yalitoka kwenye vitabu vya wasomi yakawa zoezi la watu wa kawaida. Mwaka 1808 Menachem Mendel Lefin alitoa kitabu cha kujihesabu nafsi, tabia 13, kila moja wiki yake, unaweka alama kila siku ulipoanguka, wiki 13 zikiisha unaanza upya, mara nne kwa mwaka. Mbinu aliichukua kwa Benjamin Franklin wa Marekani, akifanya vile vile alivyofanya Bin Maimun kwa Wagiriki. Halafu Rabi Israel Salanter wa Lithuania, aliyefariki 1883, akaanzisha harakati nzima iliyoitwa Musar. Inasimuliwa kwamba siku moja alinawa mikono kabla ya chakula kwa maji kidogo sana, ya kutimiza sheria tu, na wanafunzi wakashangaa maana kunawa kwa maji mengi ndo uchamungu. Akawaonyesha msichana wa kazi anayeteka maji mbali na kuyabeba, akasema mtu asiwe mchamungu juu ya mabega ya mwenzake. Aliyewahi kuchota maji kisimani kilomita mbili anaielewa hiyo kuliko profesa. Tawi moja la harakati hiyo, la Novardok, walikuwa wakali zaidi, wanafunzi walitumwa duka la dawa kuulizia misumari, wachekwe, wazoee kuchekwa, kiburi kife. Nondo na fundi, unaona.

Nimalizie na kitu ambacho wasomi wenyewe bado wanabishania. Kwenye kitabu chake cha falsafa alichokimaliza karibu 1190, Bin Maimun anapanga ukamilifu wa mtu ngazi nne, mali, mwili, tabia, na juu kabisa kumjua Mungu. Tabia ni ya tatu tu, kwa sababu, anasema, mtu akibaki peke yake duniani fadhila zake zote zinakaa bila kazi. Unashangaa, yaani tabia yote ile ilikuwa ngazi ya kupandia? Lakini ukurasa wa mwisho anamleta nabii Yeremia, anayesema ajisifuye ajisifu kwa kumjua Mungu, kwamba yeye ndiye atendaye wema na hukumu na haki katika nchi. Kwa hiyo aliyemjua kweli anashuka tena kwenda kutenda hayo. Kuna wanaosema elimu ndo kilele na kutenda ni matunda yake tu, na kuna kama Hermann Cohen, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliyeandika 1908 akisisitiza kwamba maadili ndo roho ya kitabu.

Mimi niko na Cohen, na sababu yangu sio hoja, ni barua. Mwaka 1199 mtafsiri wake aliomba kumtembelea wazungumze falsafa, naye akamjibu kwa kumwelezea siku yake ilivyo. Asubuhi anakwenda ikulu Cairo, anarudi nyumbani Fustat mchana amechoka na ana njaa, anakuta ukumbi umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, marafiki na maadui. Anashuka kwenye mnyama, ananawa mikono, anawaomba wamvumilie ale kidogo, mlo wake pekee wa siku nzima. Halafu anawahudumia mpaka usiku unaingia, na uchovu ukimzidi anaongea nao akiwa amelala chali.